Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kwenda kuangalia shokesi ya kikapu ya sekondari Dar

Haya ni maswali ambayo naulizwa kila wikiendi ya kikapu, mengine na watu wa ofisini, mengine na majirani, mengine na mama wa watoto waliojiunga na timu ya shule mwezi uliopita na sasa nyumbani hakulaliki kwa kudundisha mpira. Nimeyapanga kuanzia yale ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwanjani hadi yale ya ajabuajabu. Swali likiwa limejibiwa sehemu nyingine nakuelekeza huko, sirudii.

## Mwanzo kabisa

Hiyo shokesi ni kitu gani hasa?

Sio ile shokesi ya sebuleni kwa bibi yenye vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai, ingawa ukifikiria wazo ni lilelile, unapanga vitu vizuri watu wavione. Hapa wanaopangwa ni madogo wa sekondari. Shule zinaalikwa, ratiba inatoka mapema nani anacheza na nani, kila timu inapiga mechi yake moja au mbili inaondoka. Kwa kawaida hamna nusu fainali wala fainali, na kombe likiwepo ni nyongeza tu. Wenye shughuli hasa ni wale jamaa waliokaa pembeni na daftari, yaani maskauti, watafuta vipaji.

Kwa wenzetu Marekani hili jambo ni kubwa mno. Inayojulikana sana ni Hoophall Classic, inapigwa Springfield, Massachusetts kila Januari, wikiendi ya sikukuu ya Martin Luther King, mji uleule ambao James Naismith alitundika vikapu vya matunda ukutani mwaka 1891 na mchezo ukaanzia hapo. Timu za sekondari zinasafiri kutoka majimbo ya mbali kuja kucheza mechi moja na kuonekana kwenye televisheni, basi.

Tofauti yake na bonanza, au na UMISSETA?

Bonanza kwa kawaida ni la siku moja, mnatoana, jioni kuna mshindi, kuna mbuzi au seti ya jezi. UMISSETA ni mashindano rasmi ya shule za sekondari, yanapanda ngazi kwa ngazi mpaka taifa, na mchezaji anaweza kuchaguliwa kutoka timu ya shule akaingia ya wilaya halafu ya mkoa. Shokesi haina ngazi. Ila usishangae tangazo likiandikwa bonanza na ukifika ukakuta ni shokesi, au kinyume chake, Dar hapa majina tunayatumia kwa upendo zaidi kuliko kwa usahihi.

Lazima niwe na ndugu anayecheza?

Hapana. Mi nilianza na mpwa wangu, mpwa kamaliza shule siku nyingi yuko zake Dodoma anafanya kazi, mi bado naenda.

Zinafanyikia wapi?

Inategemea na mfuko wa waandaaji. Ikiwa kubwa inaweza kuingia Uwanja wa Ndani wa Taifa pale Chang'ombe, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Za kawaida utazikuta JMK Park, Kidongo Chekundu, ile paki ya vijana iliyofunguliwa 2015 na ambayo watu wazima bado wanaiita Kidongo Chekundu tu, au kwenye viwanja vya Don Bosco, Upanga au Oysterbay. Ndogo zaidi zinapigwa kwenye viwanja vya shule zenyewe, na hizo ndio za kuulizia getini kwanza maana mlinzi wa shule hajui shokesi, anajua daftari la wageni.

Halafu Don Bosco ziko mbili, narudia, ziko mbili. Kila mara kuna mtu yuko Oysterbay ananipigia simu "mbona hakuna mtu huku" na sisi tuko Upanga robo ya pili.

Zinakuwa lini?

Jumamosi na Jumapili, na zaidi zaidi karibu na likizo. Wiki za mitihani usitegemee kitu. Ona pia swali la kidato cha nne huko chini, linahusiana.

Kiingilio shilingi ngapi?

Za nje, kwenye viwanja vya wazi, nyingi nimeingia bure. Za ndani kuna kiingilio kidogo, mimi sijawahi kulipa zaidi ya elfu tano. Wanafunzi wenye sare au kitambulisho mara nyingi wanapita bure au kwa nusu, kwa hiyo kama unaenda na dogo mwambie abebe kitambulisho cha shule. Getini kuna lipa namba lakini siku ambayo mtandao umegoma ndiyo siku ambayo foleni ni ndefu, beba na noti ndogo ndogo.

## Kufika

Tangazo limeandikwa mechi inaanza 8:00. Ni saa mbili asubuhi au saa nane mchana?

Swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu na nina haki ya kulijibu kwa sababu limeniumiza.

Mara ya kwanza kwenda kumuangalia mpwa wangu, tangazo lilikuja WhatsApp limeandikwa "Mechi ya kwanza 8:00". Mi Mswahili, nikasoma saa nane. Nikaamka taratibu, nikanywa chai, nikafua, nikapanda gari, nafika saa saba na nusu najiona mwenye adabu kabisa nimewahi, nakuta dogo amekaa kwenye ngazi amevaa ndala, begi mgongoni, anakula muhogo. Mechi yao ilianza saa mbili asubuhi. Nikamwambia "pole anko foleni", akaniangalia tu. Aliyeandika lile tangazo alikuwa na kichwa cha Kizungu, mi nilikuwa na kichwa cha Kiswahili, katikati yetu kuna masaa sita na pointi kumi na moja za dogo ambazo sikuziona.

Kwa hiyo sheria yangu sasa hivi: kama kuna neno asubuhi, mchana au jioni, sawa, amini. Kama kuna tarakimu tupu, uliza. Kama huna wa kumuuliza hesabu mechi, ukikuta ratiba ina mechi sita kwa siku na kiwanja kimoja haiwezi kuanza saa nane mchana labda wanataka kumaliza usiku wa manane. Na hata saa ukishaijua, mechi ya kwanza huwa inachelewa kidogo, lakini usichelewe kwa kutegemea hilo, maana siku utakayochelewa wewe ndiyo siku refa amewahi.

Nafikaje bila gari?

Kwa JMK Park panda mwendokasi mpaka Gerezani halafu malizia kwa mguu au bajaji. Kwa Don Bosco Upanga shuka Faya, chukua boda iingie Upanga. Kwa Uwanja wa Ndani zipo daladala za upande wa Temeke, mwambie konda "Uwanja wa Taifa" atakushusha, hata kama jina lilishabadilika makonda hawajapewa taarifa.

Ila kabla ya kwenda Chang'ombe angalia kama siku hiyo kuna mechi ya Simba au Yanga pale Mkapa. Kama ipo, we ondoka asubuhi kabisa au ukubali yaishe, barabara zile zinajaa jezi nyekundu na za njano na kikapu chako hakuna anayekijua.

Nikae wapi?

Usikae nyuma ya ring'i, lile duara la chuma lenye wavu, ukidhani unaona vizuri kwa sababu uko karibu, unachoona pale ni migongo. Kaa usawa wa mstari wa katikati au kidogo kuelekea kwenye benchi ya timu unayoipenda, juu kidogo. Kwenye viwanja vya wazi fikiria na jua. Mchana jua linageuka, upande uliokuwa na kivuli saa tatu asubuhi unakuwa kikaango saa nane, na wenyeji wote wanajua kwa hiyo ukiona jukwaa moja limejaa na lingine tupu usifurahie nafasi.

Viti vya plastiki vya mbele kabisa vyenye kitambaa ni vya wageni waalikwa. Hata kama vimekaa vitupu mechi nne mfululizo. Vinauma roho lakini ndio hivyo.

Nibebe nini?

Maji, kofia, kitambaa cha kujifutia jasho, noti ndogo, simu iliyojaa chaji. Ukienda ndani hakikisha una kitu cha kupepea, hata gazeti, maana watu wakijaa mle joto linapanda mpaka unatamani uwe kiwanjani angalau unatoka jasho kwa sababu ya maana. Unga mkono wauzaji wa pale pia: mihogo ya kukaanga na pilipili, karanga, ubuyu, barafu za ukwaju. Chipsi mayai zinapatikana kwa jirani lakini ukienda kuzifuata utakosa robo nzima, kanuni haijawahi kuvunjika, robo utakayoikosa ndiyo yenye danki, ile ya kuruka na kuusindika mpira kwa mkono ndani ya ring'i.

Mvua ikinyesha?

Ndani hamna shida zaidi ya kelele za bati. Nje mechi inasimama hapo hapo, hata kama ni manyunyu, kwa sababu kiwanja cha saruji kilichopakwa rangi kikilowa kinateleza kama sabuni na goti la mtoto wa miaka kumi na sita halina spea.

Halafu kuna ile ibada ya kukausha ambayo mi naipenda kuliko hata mechi nyingine. Mvua ikikata wanatoka madogo wa benchi za timu zote mbili, waliotaka kutoana macho dakika kumi nyuma, mmoja ana fagio la mpira anasukuma maji kuelekea kwenye mtaro, wengine wawili wameshika kipande cha godoro kilichochanwa wanakikandamiza chini, wanakikamua pembeni, wanarudi. Kocha anapita nyuma yao anaburuta soli ya raba, krii, krii, akisikia mlio anatikisa kichwa ndiyo, asiposikia anaonesha kwa kidole hapa bado. Sehemu ya mwisho kukauka ni pale kwenye mstari wa frithro, ile mitupo ya bure baada ya faulo, kwa sababu pamebonyea kidogo, miaka yote pale pale. Ikichukua nusu saa ni haraka.

Masika, yaani Machi mpaka Mei, nenda ukijua ratiba ni maombi tu. Vuli angalau inapita.

Naweza kwenda na watoto wadogo? Na mimi dada nikienda peke yangu?

Ndiyo kwa yote mawili. Ni mazingira ya shule, kuna walimu, kuna wazazi. Watoto wadogo waweke mbali na mstari wa pembeni, mpira wa kikapu ukitoka unatoka kwa kasi na mchezaji anaufuata. Dada ukiwa peke yako kaa karibu na jukwaa la wazazi, dakika tano tu utakuwa umeshaulizwa mtoto wako ni yupi na umeshapewa sambusa. Kurudi usiku ndio kwa kupanga mapema, usisubiri mpaka taa zizimwe ndio uanze kutafuta boda.

## Kuelewa kinachoendelea

Mechi ni dakika ngapi?

Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo tunazotumia ni robo nne za dakika kumi kumi, mapumziko ya katikati dakika kumi na tano. Saa inasimama kila filimbi ikilia kwa hiyo mechi kamili inakula kama saa moja na nusu. Lakini kwenye shokesi yenye mechi nyingi waandaaji huwa wanapunguza, au wanaacha saa itembee bila kusimama mpaka dakika za mwisho. Uliza mezani, kwa wanaoandika pointi na kushika saa, kabla, sio katikati ya mechi, watu wa mezani wana kazi ngumu na kalamu moja.

Ile saa ya sekunde 24 za kushambulia ni sheria pia, ila kwenye viwanja vingi vya shule haipo, anahesabu refa kichwani. Ndiyo maana unaona kocha anapiga kelele "sekunde! sekunde!" na refa anajifanya hasikii.

Mbona wameitiwa faulo ya kawaida tu halafu wenzao wanapiga frithro mbili?

Kwa sababu timu imejaza faulo. Kila robo timu ina faulo nne za bure kama nitaruhusiwa kuziita hivyo, kuanzia ya tano kila faulo ya kuzuia inawapa wenzao mitupo miwili hata kama mtu hakuwa anashuti. Robo mpya, hesabu inaanza upya. Na mchezaji mmoja mmoja akifika faulo tano anatoka harudi. Watu wanaoangalia NBA, ligi kubwa ya Marekani, wanabisha wanasema sita, sita ni kule, huku tano.

Sare inakuwaje?

Hakuna sare. Wanaongeza dakika tano, wakifungana tena tano nyingine, mpaka mmoja akubali.

Kwenye video madogo wa sekondari wa Marekani wanamwaga pointi tatu kama maji, wetu mbona wanakosa?

Kabla hujamlaumu dogo, mstari sio mmoja. Sekondari za Marekani mstari wa pointi tatu uko kama mita 6.02 kutoka kwenye ring'i, wa FIBA ambao dogo wa Dar anapigia uko mita 6.75. Zaidi ya nusu mita hiyo, na kwa mkono wa mtoto ni kubwa. Ongeza upepo wa bahari, kwa sababu yule wa kwenye video yuko ndani ya jengo na huyu wetu yuko nje, mpira ukiwa juu unasogezwa kidogo tu na kidogo tu ndio ring'i. Ukimkuta dogo anayefunga tatu tatu kwenye kiwanja cha wazi saa kumi jioni wakati upepo umeamka, huyo muandike jina.

Wenzetu wale pia wanacheza robo za dakika nane, sio kumi. Wetu wanakimbia zaidi.

Sijui kikapu kabisa, niangalie nini nisichoke?

Usifuate mpira muda wote. Chagua mchezaji mmoja, yeyote, muangalie dakika tatu akiwa hana mpira. Anasimama mikono kiunoni au anasogea? Mwenzake akipitwa anakuja kuziba au anaangalia? Ribaundi ikitoka, yaani mpira uliokosa ukirudi, anasubiri imdondokee au anaweka mgongo kwanza, anamsukuma mtu nyuma, ndio anaruka? Hapo ndipo unapoanza kuona kwamba yule mrefu anayeshangiliwa na jukwaa zima hajarudi kukaba tangu robo ya kwanza, na kwamba kuna kibishi kimoja kifupi namba kubwa mgongoni kinacheza mechi nzima peke yake na hakuna anayekijua jina.

Angalia na benchi. Anayetolewa akakaa ameinamisha kichwa taulo juu, na anayetolewa akakaa ukingoni anawaelekeza wenzake nani wa kukabwa, ni watu wawili tofauti, na watu wa madaftari wanaandika hilo pia.

Na jambo ambalo watu wananiona chizi nikisema, nenda mapema kwenye mechi ya kwanza, ile ya timu mbili ambazo hazina jina. Mechi za jioni zina kelele, zina shule kubwa, kila mtu anajua nani nyota. Asubuhi kuna watu kumi na tano jukwaani, unasikia raba, unasikia kocha anavyoongea, unasikia mpaka dogo anavyojiambia "tulia tulia" kabla ya frithro. Wachezaji watatu bora niliowahi kuwaona kwenye haya mambo wote niliwaona kabla ya saa nne asubuhi, na mmoja wao alikuwa na raba ambayo kidole kinachungulia.

Za wasichana zikoje?

Zipo, zenye akili nyingi kuliko kukimbizana, na mpira ni saizi 6 badala ya 7 kwa hiyo usiseme "mbona wanaushika vizuri hivyo". Kinachoniudhi ni ratiba, zinawekwa mwanzo kabisa au zinapunguzwa dakika kufidia waliochelewa. Ukishafuata ushauri wangu wa kwenda mapema utaziona.

## Kushangilia

Vuvuzela na ngoma ruksa?

Nje sawa, ndani wengi wanakataza vuvuzela na mi nipo upande wao. Ngoma, makofi, nyimbo za shule, mdundo wa kugonga ubao wa jukwaa kwa miguu, karibu sana. Kitu kimoja, mtu akiwa anapiga frithro kelele ni halali kwenye kikapu dunia nzima, ila usitumie mwanga wa simu kumpiga machoni.

Naweza kumzomea refa?

Unaweza, na hasikii. Ila ukimfuata mezani au ukiingia ndani ya mstari timu yako inaweza kuadhibiwa kwa ajili yako, na hutapendwa. Wengi wa hao marefa mechi za shule wanalipwa nauli na soda.

Na mchezaji?

Hapana. Mcheke kaka yako, mchezaji wa sekondari muache. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hawa karibu wote wako chini ya hapo, ana urefu wa mlango lakini Jumatatu ana jaribio la hisabati. Nilishakaa nyuma ya baba mmoja aliyemtukana dogo wa timu pinzani robo tatu nzima, robo ya nne mama wa yule dogo aliyekuwa amekaa mbele yetu kimya muda wote na kitenge chake akageuka akasema tu "shikamoo baba, huyo ni wangu". Yule mzee akahama jukwaa.

Naweza kupiga video na kuposti?

Kupiga piga, kila mtu anapiga. Kuposti ndio utumie akili. Danki, pasi nzuri, ushangiliaji, poa. Mtoto amevunjwa enka, yaani kapigwa chenga mpaka kaanguka chini, halafu unaweka muziki wa kuchekesha, sio poa, hiyo klipu itamsubiri darasani. Usiweke jina kamili, shule na bweni lake kwenye posti moja, na mwalimu au mzazi akikwambia futa, futa, usianze mjadala wa haki zako. Fleshi izime.

Nikitaka kupiga picha na mchezaji au kumpongeza?

Subiri amalize na kocha wake. Msalimie na mwalimu kwanza, "shikamoo mwalimu, naomba kumpongeza kijana", inachukua sekunde mbili na inakutofautisha na watu wa swali la wakala hapo chini.

## Maskauti na skolaship

Kweli kuna maskauti?

Wapo, ila sio wale unaowafikiria. Wengi ni makocha wa klabu za ligi ya mkoa, walimu wa shule binafsi zinazotoa nafasi za masomo kwa wanamichezo, na watu wa vyuo vya hapa hapa. Mtu wa kutoka nje akija utamjua, amekaa kimya kuliko wote na hashangilii hata danki.

Kuna mtu wa hapa aliyewahi kufika mbali?

Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alisoma Makongo, alianza kikapu akiwa na miaka kama kumi na tano, akaenda Marekani akamalizia sekondari, akacheza chuo cha Connecticut, na 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili kwenye drafti ya NBA, pale klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Mwaka huo James Harden alichukuliwa namba tatu na Stephen Curry namba saba, kwa hiyo ndiyo, kuna usiku mmoja duniani ambapo mtoto wa Dar aliitwa kabla ya Curry, na mzee yeyote wa kikapu atakukumbusha kabla hujakaa.

Ila sikia, Hasheem ana mita 2.21. Usimpeleke mwanao mwenye 1.75 kiwanjani na hesabu za Hasheem.

Mtu amenifuata jukwaani anasema ni wakala, atampeleka mwanangu Marekani, anataka hela ya fomu.

Usitoe. Sio usitoe leo, usitoe kabisa mpaka uwe umeongea na shule yenyewe moja kwa moja, kwa namba na barua pepe ulizozitafuta wewe mwenyewe na sio alizokupa yeye. Mwanafunzi anayekwenda Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, lazima shule iliyomkubali imtolee fomu ya I-20, muulize jamaa shule gani inaitoa, jina lake, iko jimbo gani. Wengi wanaanza kuangalia saa.

Skauti wa kweli anaanza kwa mwalimu, anaulizia matokeo ya darasani kabla ya kuulizia urefu, na hatanguliziwi pesa. Mwambie kocha wa shule na waandaaji kuna mtu wa aina hiyo anazunguka, sio wewe peke yako aliyefuatwa.

Mwanangu amekaa benchi siku nzima, shokesi ina faida gani?

Nimeulizwa hili na mama mmoja ana chupa ya uji mkononi na sikuwa na jibu zuri. Makocha wengine wanazungusha wachezaji wote, wengine wanataka kushinda. Zungumza naye siku nyingine, Jumatatu, shuleni, sio pale pale huku jasho halijakauka. Na muulize mtoto kwanza, kuna watoto wamefurahi tu kuvaa jezi.

Mwezi wa tisa nimeenda nikakuta nyota wote hawapo, wamehama?

Wako kidato cha nne. Mtihani wa taifa ni Novemba, shule nyingi zinawavua jezi mapema wakajisomee, na kidato cha pili nao wana wao karibu na wakati huohuo. Kidato cha sita wao ni Mei. Kwa hiyo ukitaka kumuona mtu wa kidato cha nne kwa mara ya mwisho, nenda kabla ya likizo ya Juni.

## Mambo ya pembeni

Timu moja haijatokea, inakuwaje?

Ushindi wa mezani. Kwa FIBA timu ikishindwa kuwa na wachezaji watano dakika kumi na tano baada ya muda uliopangwa inapoteza, matokeo yanaandikwa 20-0. Kwenye shokesi watu wana utu zaidi, kama gari la shule limekwama Mbagala wanasogeza mechi, au timu iliyopo inagawanywa inacheza yenyewe kwa yenyewe ili waliokuja kuona waone.

Umeme ukikatika?

Ndani mchana wanafungua milango, wanaendelea kama refa anaona. Usiku mnasubiri jenereta na mnawasha simu, ni dakika ishirini za nyimbo nzuri kuliko zote.

Ramadhani?

Vijana wengi wamefunga na bado wanakimbia. Kula nenda nje, usifungue chipsi mbele ya benchi.

Mchezaji kaumia mbele yangu, nishuke kusaidia?

Kama sio daktari au nesi kaa. Kama ni daktari au nesi shuka haraka sana na useme kwa sauti wewe ni nani, maana kisanduku cha huduma ya kwanza mara nyingine kina bandeji na dawa ya kuchua tu.

Wakati wa mapumziko naweza kushuka kurusha mpira kidogo?

Hapana, timu zinapasha. Subiri mechi ya mwisho iishe, wakianza kubebanisha viti vya plastiki na yule mzee wa taa hajafika kwenye swichi, muombe dogo yeyote mpira kwa adabu. Mi nimeshapewa nafasi hiyo mara mbili. Mara ya kwanza sikugusa hata ubao, na kuna mtoto wa kidato cha kwanza alinikimbilia mpira mpaka getini akanirudishia akasema "anko, magoti, kunja magoti".